Nilivyosoma historia, jiografia na uraia kwa mtihani wa mwaka wa nane

Hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo (RDC), masomo haya matatu yanaandikwa ubaoni kwa Kifaransa, na mtihani nao unakuja kwa Kifaransa. Wengi wanakariri kaye (daftari) nzima, kisha swali likigeuzwa kidogo wanakwama. Mimi kila somo nililieleza kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kaye ikiwa imefungwa. Nikiweza kutaja sababu bila kuchungulia, ndipo niliandika jibu kwa Kifaransa, sentensi tatu au nne fupi. Nilipokwama kwa Kiswahili, nilijua somo lenyewe sijalielewa; nilipokwama kwa Kifaransa tu, yalikuwa maneno mawili matatu ya kutafuta. Tena umeme ukikatika jioni, kueleza hivi kwa sauti hakuhitaji taa.

Kwa historia nilitengeneza ukurasa mmoja wenye safu tatu: mwaka, tukio, na kilichofuata. Safu ya tatu ndiyo inayoleta pointi. Mtego mkubwa uko kati ya 1885 na 1908. Ukiulizwa nani alitawala Kongo mwaka 1900, usiandike Ubelgiji. Dola Huru ya Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold II mwenyewe. Ubelgiji iliichukua mwaka 1908, baada ya makelele ya dunia juu ya watu walioteswa kwa ajili ya utomvu wa mpira. Kwa hiyo kifo cha Mwami Msiri wa Bunkeya, mfalme wa Bayeke hapa Katanga, Desemba 1891, kinaingia kwenye kipindi cha Leopold, si cha Kongo ya Wabelgiji. Halafu 1960 inataka tarehe kamili, kwa sababu mambo yalifuatana haraka: uhuru tarehe 30 Juni, mkoa wa Katanga ukajitenga tarehe 11 Julai. Kujitenga huko kuliisha Januari 1963. Anayeandika «1960» peke yake hawezi kuonyesha kipi kilitangulia.

Jiografia nilisoma kwa penseli. Nilichora umbo la nchi kwenye nusu ukurasa bila kutazama, nikazunguka mipaka nikianzia kwetu kusini: Zambia, Angola, Kongo-Brazzaville, Afrika ya Kati, Sudani Kusini, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania. Ni tisa, ukipata nane, mara nyingi iliyosahaulika ni Sudani Kusini, maana vitabu vya zamani havina nchi hiyo. Kisha maziwa ya mashariki kutoka juu kwenda chini: Albert, Edouard, Kivu, Tanganyika, Moero.

Maji yafuate kwa kimo, usikariri. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, Tanganyika karibu 770, basi mto Ruzizi hauwezi kupanda kwenda Kivu. Unashuka Tanganyika, na maji ya Tanganyika yanatoka kupitia mto Lukuga, pale Kalemie, hadi mto Lualaba. Ukishika mnyororo huo, maswali kadhaa yamejibika kwa mara moja. Majira nayo yana sababu: sisi tuko kusini ya ikweta, mvua yetu inanyesha toka Novemba hadi Machi, wakati huko Gbadolite, kaskazini, Desemba na Januari ni kiangazi. «Kiangazi cha Kongo ni mwezi gani?» haina jibu moja, taja upande.

Hesabu za skeli ya ramani ni pointi za bure. Kwenye 1/5 000 000, sentimita 1 ni kilomita 50, kwa sababu kilomita moja ina sentimita 100 000. Wanaokosea wanasahau kuondoa sufuri tano.

Uraia ni mfupi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ina taasisi nne: Rais wa Jamhuri, Bunge, Serikali, na mahakama. Mamlaka ni matatu, maana Rais na Serikali wote wako upande wa utendaji. Mikoa ni 26 ukihesabu Kinshasa. Katiba yenyewe inasema mji wa Kinshasa na mikoa 25.

Siku ya mtihani nilitazama kwanza pointi kando ya swali. Swali la pointi nne niliandikia mambo manne. «Citez» (taja) nilijibu kwa orodha tupu, «expliquez» (eleza) sikuandika bila neno «parce que» (kwa sababu). Ramani nilichora kwanza kwa penseli, biki ikapita juu mwishoni, baada ya kuhesabu tena zile nchi tisa.