Gitaa la kantri ndani ya bendi ya jazi

Ni mwaka wa nane sasa napiga Telecaster ileile, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, yenye rangi ya siagi, na karibu kila bendi ninayoingia hakosekani mtu wa kuniambia hilo ni gitaa la muziki gani. Mwaka jana nilialikwa kwenye kikundi cha jazi. Nilipofungua begi, mpiga kinanda akalitazama, kisha akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, huna lingine?" Hakuwa na nia mbaya. Kwake yeye gitaa la jazi ni lile kubwa lenye tumbo wazi na matundu mawili ubavuni kama fidla. Langu ni ubao mzima usio na uwazi ndani, wa kupigia kantri.

Nikachagua pikapu ya shingoni, yaani kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, nikazungusha toni hadi karibu na tatu, nikapunguza sauti kali kwenye amplifaya, nikaweka piki, kile kidude cha kukwanyulia nyuzi, mfukoni na kupiga kwa dole gumba. Nyuzi zilikuwa nene tayari, zile bapa zilizozungushiwa utepe badala ya waya wa duara, kwa hiyo kidole kinateleza bila ule mkwaruzo. Sauti ikatoka nzito, ya mviringo, yenye giza kidogo. Baada ya nyimbo mbili mpiga kinanda akakubali kwamba rangi ya sauti ipo. Lakini akaongeza jambo ambalo limenikaa kichwani hadi leo: "Noti zako hazifi."

Alikuwa amesikia vizuri. Gitaa lenye tumbo wazi hupoteza nguvu ya uzi haraka kwa sababu ubao wa juu ni mwembamba na unatikisika pamoja nao. Ukigonga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, inafumuka na kuzima, na ule mkatiko ndio unaoipa jazi ya zamani mwendo wake. Mbao ngumu ya Telecaster haitikisiki kiasi hicho, hivyo uzi unaendelea kuimba. Ilinibidi nijifunze kulegeza vidole vya mkono wa kushoto mara tu baada ya kila kodi. Wiki tatu nzima nilifanya zoezi hilo tu, kodi nne kwenda na kurudi, mpaka mkono ukazoea kuachia wenyewe.

Kwa hiyo siwezi kusema magitaa yote ni sawa. Hayako sawa, na kuna mahali ambapo gitaa linakugomea kabisa. Niliwahi kuazima gitaa la tumbo wazi nikajaribu kupigia roki ya metali, amplifaya ikiwa juu na distosheni, ule mkwaruzo wa sauti wa makusudi, imejaa. Kila nilipofika kwenye kituo, pale riff, kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, inapotakiwa kukatika ghafla, gitaa likaanza kulia lenyewe: spika inatikisa ubao, ubao unatikisa uzi, uzi unarudi kwenye spika. Ted Nugent alijenga jina lake la roki nzito akitumia Byrdland ya kampuni ya Gibson, gitaa la aina hiyo hiyo, na namheshimu sana kwa kuweza kulitawala. Mimi nilishindwa.

Pikapu ya koili moja, yaani mzingo mmoja wa waya, nayo ina kero yake. Inadaka mvumo wa umeme wa nyumbani, na ukiongeza distosheni mvumo nao unakua. Mwaka 1955, Seth Lover wa Gibson alitafuta dawa: koili mbili zilizopangwa kinyume, ili mvumo ujifute na sauti ya nyuzi ibaki. Ndiyo maana wapiga metali wengi huanza na pikapu za namna hiyo.

Nje ya hayo, mengi tunayoyaita sheria ni mazoea ya macho. Mfano ninaoupenda ni gitaa liitwalo Jazzmaster. Mtengenezaji Leo Fender aliitoa mwaka 1958 akiwalenga wapiga jazi, hata kiwiliwili chake kikachongwa kimepinda ili mtu aliyeketi apate raha. Wapiga jazi hawakuifuata. Walioichukua ni vijana wa surf, muziki wa gitaa uliohusishwa na wateleza mawimbi, na miaka mingi baadaye bendi za roki zenye kelele kama Sonic Youth zikaikumbatia. Jina la muziki liliandikwa palepale kwenye kichwa cha gitaa, na bado halikusaidia kitu!

Tazama pia Flying V, gitaa la Gibson lenye umbo la herufi V, nalo la mwaka 1958. Leo ukiiona ukutani unafikiria metali na nywele ndefu, ilhali Albert King aliipigia bluzi, tena kwa mkono wa kushoto huku nyuzi zikiwa zimegeuzwa juu chini. Na hili langu la kantri? Jimmy Page alilitumia kwa sehemu kubwa ya albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, mwaka 1969. Ed Bickert wa Kanada alipiga nalo jazi miaka na miaka, ingawa baadaye aliweka pikapu ya koili mbili upande wa shingoni. Nikiwasikiliza hao wawili mfululizo, ni vigumu kuamini kwamba mikononi mwao kulikuwa na gitaa la jina moja.

Kijana akiniuliza anunue gitaa gani kwa ajili ya muziki fulani, kwanza namuuliza atapiga kwa sauti kubwa kiasi gani na kwa distosheni kiasi gani. Kisha namwomba alishike, apapase shingo. Shingo ikimuuma hatalipiga, hata kama ndilo walilotumia mashujaa wake wote.

Kwenye kikundi cha jazi bado nipo. Juzi nimechomeka kipande cha sponji chini ya nyuzi, karibu na daraja, ili noti zife mapema kidogo na mkono wa kushoto upumzike. Kimekuwa kinene mno. Uzi wa sita unatoa mgoto kama wa ngoma. Kesho kabla ya mazoezi nitakikata nusu.