Les Paul ya mzee: wiki sita nimekaa nayo, sasa nawaambia ukweli wote

Wadau wa gitaa habari zenu. Leo naandika ndefu kidogo maana hii ishu nimekaa nayo wiki sita na watu wanazidi kuniuliza inbox kama kweli lile chombo, Gibson Les Paul, gitaa la umeme la Marekani, linastahili hela yake.

Iko hivi, kuna mzee wetu mmoja, solo gitaa wa siku nyingi, vidole vimeanza kumuuma hasa asubuhi, akaniita kwake Temeke. Nikaingia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, kaa. Akatoa kesi chini ya kitanda akafungua. Gibson Les Paul Standard, ile rangi ya njano katikati inayokolea kuwa nyekundu pembeni. Aliinunua mkononi kwa Mfilipino mmoja kipindi anapiga mahotelini Muscat. Akaniambia, "Sitaki iende kwa mtu wa kuitundika ukutani. Kaa nayo, ipige, ukiona inakufaa tutaongea." Bei milioni 2 na nusu. Mpya Marekani unaongelea dola 2,500 kwenda juu, hapo bado kusafirisha na ushuru, kwahiyo nikajua kuna kitu, haiwezekani iwe bei hiyo bure bure.

Kwanza nikahakikisha sio feki maana feki za Les Paul ni nyingi mno. Kile kifuniko kidogo pale kichwani, cha Gibson kina skrubu 2, feki nyingi unakuta 3. Nikafungua, ndani ile nati ya kukazia chuma kinachopita ndani ya shingo kuinyoosha ni ya shaba na ni ya kufungua kwa spana boksi, feki nyingi wanaweka ya kufungulia L-key. Namba ya nyuma tarakimu ya kwanza na ya tano ndio mwaka, ikasoma 9 na 6, yani 1996, na zile tatu zinazofuata baada ya ya kwanza ni siku ya ngapi ndani ya mwaka. Original kabisa.

Usiku nikazima taa ya chumbani nikamulika shingo na tochi ya simu kwa ubavu. Hapo ndio nikauona, mstari mwembamba kama unywele, umekatiza nyuma ya shingo pale pale inapoanza kupinda kwenda kichwani. Nikipitisha kucha inagusa kidogo sana. Kichwa kilishawahi kuvunjika kikagundishwa. Nikampigia mzee, wala hakubabaika, akasema ilidondoka na stendi Muscat, kichwa kikabaki kinaning'inia na nyuzi tu, fundi wa Kihindi akaigundisha, imeshapiga miaka mingi baada ya hapo bila kusogea. "Ndio maana nikakwambia kaa nayo kwanza."

Sasa hili sio la mzee peke yake, ni ugonjwa wa Les Paul zote. Shingo ni mahogani, na kichwa kimelala nyuma digrii 17, kwahiyo nyuzinyuzi za mbao pale kwenye kona zinakatika fupi, halafu hapo hapo palipo pembamba ndio wamechimba tundu la ile nati. Gitaa likianguka kifudifudi au chali, linaachia hapo. Gitaa la Fender, kampuni nyingine, kichwa chake kimenyooka na shingo, hata likidondoka mara nyingi unaokota unaendelea. Ikishavunjika ikarekebishwa bei inashuka karibu nusu hata kama gundi imeshika vizuri kuliko mbao yenyewe. Kwa mkusanyaji hiyo ni hasara, kwa mpigaji kama mimi hiyo ndio imenifungulia mlango, mana bila ule ufa nisingeigusa maisha yangu.

Tuje kwenye kupiga. Mi natumia Yamaha Pacifica miaka yote na naipenda, lakini kuna kitu kimoja cha harusini anayepiga atanielewa. Umeme ukikatika wanawasha jenereta, au ukumbi una taa za kupunguza mwanga, ukitumia pikapu (kile kinasa sauti chini ya nyuzi) za koili moja moja gitaa linaanza kuvuma mmmmm mpaka MC anageuka anakuangalia. Les Paul ina pikapu za koili mbili mbili. Hizi Seth Lover alizitengeneza pale Gibson miaka ya 50 na Les Paul ikaanza kuwekewa 1957, mwanzoni 1952 ilitoka na zile za koili moja. Koili mbili zimesukwa kinyume na sumaku zinaelekea kinyume, kwahiyo ule mvumo wa umeme unajiua wenyewe na sauti ya uzi inabaki. Tulipiga harusi moja Mbagala, jenereta lipo nyuma ya jukwaa kabisa, kati ya nyimbo nikaacha volyum juu na nikatoa mikono. Kimya. Nilisimama pale nikaangalia ampu kama imezimika.

Halafu rumba ya taratibu jamani. Weka pikapu ya shingoni, punguza toni kidogo, gonga noti moja uiache. Inakaa. Inakaa mpaka muimbaji anamaliza mstari wake na wewe bado upo, haijafa. Pacifica yangu noti ile ile ingeshakauka nimelazimika kugonga nyingine. Kile ni kipande kizito cha mahogani kimefunikwa juu na mbao ya mepo (maple), na shingo imegundishwa sio kufungwa na skrubu, mimi sauti yake naisikia mpaka kwenye mbavu.

Ila sebene likichanganya, hapo inanipa shida na siwezi kuficha. Sebene tunalipigia juu huku, freti (vile vyuma vya kukatiza shingoni) ya 12 kwenda mbele, na Les Paul imekatwa upande mmoja tu, pale shingo inapoingia kwenye bodi kuna donge nene linazuia kiganja. Ukifika freti ya 17 mkono unajikunja vibaya. Na sauti yenyewe ni nene, ile ya kung'ata kama sindano inayopenya katikati ya ngoma na kibodi huipati hata utumie pikapu ya nyuma. Nimehangaika na ampu zote tulizonazo, inakaribia tu.

Tyuni nayo. Uzi wa tatu ukitoka kwenye kile kimfupa cha mwanzo wa shingo unapinda pembeni kufuata kifunguo chake, unanasa. Ukiuvuta unasikia "tik" halafu umeshatoka. Mara mbili katikati ya wimbo nimepiga noti chafu mbele za watu. Nimechora mfereji wake na penseli, ule unga mweusi unasaidia uteleze, ikapungua sana ila haijaisha, inataka fundi aupanue kidogo na msasa.

Uzito nimepima kwenye mizani ya duka la mchele hapa mtaani, kilo 4.4, na hii ni ya enzi ambazo kiwandani walishaanza kutoboa matundu 9 ndani ya bodi kupunguza. Harusi ya saa sita, bega la kushoto siku ya pili halinyanyuki. Na vanishi yake ni ya aina ya zamani, joto la Dar likichanganya na jasho nyuma ya shingo inanata, na ukiiacha kwenye stendi ya mpira wa kawaida inaungua alama nyeusi, ya mzee inayo moja chini kabisa. Nimefunga stendi yangu na vipande vya khanga ya pamba. Bodaboda siipandi nayo, napanda bajaji nimeikumbatia.

Kama ningekuwa na nafasi ya gitaa moja tu ya kupigia kila kitu ningemrudishia mzee kwa heshima zote nikabaki na Pacifica, na anayeanza au anayepiga sebene tupu namwambia hivyo hivyo, hata Epiphone Les Paul ambayo Gibson wenyewe ndio wanamiliki itakupa sehemu kubwa ya ile sauti kwa robo ya bei ya mpya. Lakini bendi yetu nusu ya shoo ni rumba na zilipendwa za taratibu, na ile noti inayokaa nimeshaizoea, nikishika gitaa jingine sasa hivi naisubiri na haiji.

Jumapili nilienda Temeke na milioni 1 mkononi, iliyobaki tumekubaliana mpaka Desemba. Mzee alihesabu, akaikunja akaiweka mfukoni, akaniomba nimpigie kidogo. Hakuna ampu pale kwake, nikapiga kavu tu, akainama akaweka sikio karibu na bodi. Akasema uzi wa tatu umepanda. Nikaushusha. Jumamosi hii naipeleka kwa fundi.