Ruzuku ya kaya, kadi ya kliniki na mwanangu wa kwanza

Kaya yetu hapa Mbagala, Dar es Salaam, iliingia TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku ya fedha, kwa jina la mama, mimi nikiwa bado shuleni. Nilipopata mimba nikadhani zile hela hazinihusu. Aliyenishtua ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya jamii, mpokea ruzuku mwenzetu tuliyemchagua wenyewe: "Mwanangu, mjamzito akiwa ndani ya kaya, kliniki ni sharti la kaya. Usipokwenda, atakayekatwa ni mama yako."

Nikaanza kliniki mimba ikiwa na miezi mitatu. Kupimwa damu, ndogo. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, na nesi akaniambia vidonge bila chakula havitanifikisha mbali.

Ruzuku hulipwa kila baada ya miezi miwili, na kwa Dar hela hiyo huisha kwa siku mbili: kodi, maji, deni la dukani kwa Mangi. Tukakubaliana na mama kwamba siku ya malipo, kabla ya deni lolote, tununue maharage na dagaa wakavu wa kutosha, na nauli ya kliniki ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe ndani ya kopo la unga. Matembele yalikuwepo uani. Mimba ilipofika miezi saba damu ilikuwa imepanda, na mama akalia palepale kwenye benchi. Wanaosema ruzuku ile haina maana hawajakaa kwenye benchi lile.

Shida ilikuja baada ya kujifungua. Arobaini nilikalia kwa dada, Gongo la Mboto, na mtoto nikampeleka kliniki ya kule. Alichanjwa, kadi ikajazwa, ila taarifa za mahudhurio yake hazikufika mtaani kwetu. Malipo yaliyofuata yakapungua. Nikabeba kadi yangu, ya mtoto, na nakala zake hadi ofisi ya mtaa, nikajaza fomu ya malalamiko. Hapo ndipo nikajua pia kwamba mtoto akizaliwa haingii wenyewe tu kwenye orodha ya kaya. Lazima uende ukamwandikishe. Mama mjamzito unayesoma hapa, hilo lifanye mapema.

Miezi sita nilimnyonyesha maziwa yangu tu, maharage yakinishikilia mimi. Sasa ana miezi minane, na hadi atimize miaka miwili ni kliniki kila mwezi. Jumatatu ni zamu yake ya kupimwa uzito. Nauli iko kwenye kopo, nakala ya kadi anayo bibi yake.