Siku moja kliniki ya upasuaji wa watoto

Saa 1:30 asubuhi. Mabenchi yameshajaa. Hii ni hospitali ya rufaa hapa Tanzania, na wengi wametoka wilayani na basi la alfajiri.

Saa 3. Anaingia bibi na mjukuu wa miaka saba. Walimpeleka kutahiriwa likizo ya Desemba, mtahiri akakuta upande wa kulia hakuna korodani.

"Mwanangu, alipokuwa mchanga tuliambiwa itashuka yenyewe."

Ni kweli nyingi hushuka, lakini ndani ya miezi ya mwanzo. Mtoto akifikisha miezi sita na bado iko juu, ni nadra kushuka tena. Hapo ndipo rufaa huandikwa, ili upasuaji ufanyike kabla ya miezi 18.

Napasha viganja kwanza, kwa sababu mkono wa baridi huirudisha korodani juu. Namkalisha akunje miguu, natelezesha vidole kuanzia kinenani kushuka chini. Ninaigusa: ndogo kama harage, imekwama, haivutiki.

Kinachoniuma ni kadi yake ya kliniki. Imejaa! Chanjo zote, surua ya miezi tisa, surua ya miezi 18, uzito mwezi baada ya mwezi. Kote huko hakuna aliyemvua nepi akamgusa, kazi ya nusu dakika.

Bibi ananong'ona: atapata watoto? Namwambia ya kushoto iko mahali pake, matumaini ni makubwa. Ila iliyobaki juu huumia na joto la mwili, na kadiri inavyokaa ndivyo uwezo wake wa kutengeneza mbegu unavyopungua. Kuna na saratani. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2007 ulionyesha waliopasuliwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari takribani mara mbili ya wanaume wengine. Waliochelewa zaidi ya hapo, zaidi ya mara tano. Kwa hiyo tunampasua, na akibalehe afundishwe kujikagua.

Saa 5. Mtoto wa miezi minane. Mama yake aligundua akimwogesha, akang'ang'ania rufaa. Hongera mama. Anapewa tarehe palepale.

Saa 7. Chumba cha upasuaji. Wavulana wawili wa korodani wako kwenye orodha, hawajala tangu usiku. Analetwa kichanga ambaye utumbo uko nje ya tumbo. Chumba ni kimoja, mtoa usingizi ni mmoja, na kichanga hawezi kusubiri. Natoka kuwaambia wazazi. Baba mmoja ameomba ruhusa kazini kwa mara ya pili kwa upasuaji huuhuu. Hagombi, anauliza tu kama mtoto sasa anaweza kunywa uji.

Saa 11 jioni. Naijibu zahanati iliyomleta yule wa miaka saba: "Asanteni kwa rufaa. Kila mvulana anayekuja kwa surua ya miezi tisa, tafadhali mvueni nepi mumkague korodani. Ikikosekana hata moja, mleteni wiki hiyohiyo."