Vibaba Vitatu

Msimu wa karafuu wa 2013 ulinikuta nimerudi likizo Pemba, laptopu kuukuu mgongoni na kiburi kipya kichwani. Shamba letu liko upande wa Wete. Umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga ulishaingia kisiwani tangu 2010, ila kwetu shamba ulikuwa bado, kwa hiyo chaji nilikwenda kuitia mjini.

Jioni, karafuu zikishachambuliwa makonyo juu ya jamvi, ami hupima kwa pishi na kuandika kwenye daftari. Waliokwea mikarafuu mirefu ya kilimani walilipwa shilingi 1,200 kwa pishi, mingine 1,000, na aliyeokota chini 800.

"Ami, leo hesabu niachie mimi."

Akanisogezea daftari bila neno.

Nilikuwa na Octave, programu ya bure tuliyofundishiwa hesabu za matriksi, yaani namba zilizopangwa safu safu, chuoni. (Jina lake si la muziki. Mwanzilishi wake, John W. Eaton, alilitoa kwa profesa wake wa zamani wa uhandisi wa kemikali, Octave Levenspiel.) Nikaandika:

pishi = [6 4.2 5.3 7 3.1];
bei = [1000 1000 1200 1200 800];
pishi * bei

Ikanigomea. Maumbo hayapatani, ikasema, 1x5 kwa 1x5. Wachumaji wameshakaa mkekani, wananitazama. Jasho likanitoka kabla sijakumbuka kwamba kinyota peke yake ni kuzidisha kwa kanuni za matriksi. Ukitaka kila tarakimu izidishwe na mwenziwe, unatanguliza nukta: pishi.* bei. Zikateremka: 6000, 4200, 6360, 8400, 2480. Nikajumlisha kwa sum, 27440, nikaisoma kwa sauti kama khatibu.

Ami alikuwa ameshamaliza zake kwa kichwa. "Mimi nina 28,400."

Nikamwambia, kwa adabu lakini nikamwambia, kwamba kompyuta haikosei kuzidisha.

"Huyu mama," akaweka kidole kwenye mstari wa tatu, "kapima pishi tano na vibaba vitatu. Pishi ina vibaba vingapi, mwanangu?"

"Vine."

"Na hapo umeandika nini?"

Nilikuwa nimeandika 5.3. Daftarini ami huandika 5, kisha nukta, kisha vibaba, na mimi nikainakili nukta yake kama ilivyo. Vibaba viwili nikavifanya mbili ya kumi, kimoja nikakifanya moja ya kumi. Yule mama peke yake nilikuwa nimempunja shilingi 540, na alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo, mikono ingali na utomvu.

Nikarekebisha mbele yao: [6 4+2/4 5+3/4 7 3+1/4]. Kugawanya hutangulia kujumlisha, mabano mengine hayakuhitajika, ila nilichunga nisiache nafasi kabla ya alama ya kujumlisha, maana 5 +3/4 ingehesabiwa watu wawili. Safari hii ikatoka 28400. Ami akataka kuona vibaba vitatu vyenyewe vimekaaje, nikaandika 5+3/4. Ikajibu 5.7500.

"Na hizo sufuri mbili za nini?"

"Ndivyo inavyoandika, ami."

Akacheka, akanipa tochi nimmulikie yeye akihesabu noti. Yule mama akapokea 6,900 zake, akazihesabu mara mbili huku ananitazama mimi, kisha akazifunga kwenye pindo la kanga.