Petroli ya Mjomba Bado Haijatoka

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko juu ya baiskeli. Ujerumani, Novemba, giza totoro. (Saa nazihesabu Kiswahili, Wajerumani watanisamehe.)

Niko maabara ya chuo. Tunatumia vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, kugeuza hewa ukaa iwe asidi ya fomiki, ileile inayokuwasha ukikwea mwembe wenye sisimizi wa maji moto. Vimeng'enya viwili vingine vikiipokea, mwisho inakuwa methanoli, na hiyo inawaka. Mjomba wangu Tanga alielewa hapo kwenye kuwaka tu.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Petroli imetoka?”

Saa mbili hadi saa nne niliosha vyombo, nikachanganya bafa (maji ya dawa yanayozuia asidi isipande wala kushuka), nikabandika lebo. Saa nne nikatoa kimeng'enya kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, nikakiacha kiyeyuke juu ya barafu. Nikapima unga wa NADH, unaokipa kimeng'enya elektroni. Bei yake inanifanya nizuie hata chafya.

Kazi yenyewe ni kutazama mstari kwenye skrini ya kipima mwanga. NADH inafyonza mwanga wa nanomita 340. Ikitumika, mstari unashuka. Nikapuliza gesi ya hewa ukaa, nikatia kimeng'enya, nikabonyeza. Ukashuka! Nikamwita mwenzangu wa meza ya pili aje aone. Akaangalia, akaniuliza taratibu: kile kichupa kisicho na kimeng'enya kinasemaje?

Nikakipima. Nacho kikashuka. Vilevile.

Hewa ukaa ikiingia majini huleta asidi, na NADH ikikutana na asidi inajifia yenyewe, kimeng'enya kiwepo kisiwepo. Hilo nalijua tangu mwezi wa kwanza. Nikachovya kipima pH, kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi: asubuhi 7, sasa 6 na kitu. Bafa ilikuwa nyepesi mno, na aliyeichanganya ni mimi, akili ikiwa kwenye chai.

Nikaanza upya. Bafa nzito, gesi kwanza, pH irekebishwe, NADH mwisho. Mara ya pili mapovu. Mara ya tatu nilisahau kufuta alama ya kidole kwenye kioo. Chakula cha mchana sikumbuki nilikila saa ngapi.

Nje giza lilikuwa limesharudi mistari miwili, wa kichupa chenye kimeng'enya na wa kisicho nacho, ilipoachana. Kidogo, lakini imeachana. Kimeng'enya hiki cha hamira ya Candida boidinii ni mbuzi mbishi: kinapenda zaidi kuirudisha fomati (ndiyo ile asidi ya fomiki ikiwa ndani ya bafa) iwe hewa ukaa, nami namvuta kinyume. Nilichopata leo hakiwashi hata koroboi.

Simu ikalia. Mjomba. Sikupokea, mikono ilikuwa kwenye sinki: vichupa vya kioo cha kwatzi haviingii kwenye mashine ya kuoshea vyombo.