Mkono Unaoshika Fedha: Kumbukumbu ya Mradi Wangu wa Kusoma

Nasoma riwaya za wanawake wa Kiafrika waliohamia Ulaya na Marekani, na kila ninapokuta fedha zimetajwa, hata kwa nusu sentensi, naandika katika daftari nani aliyezichuma, nani aliyezipokea na nani aliyeamua matumizi yake. Safu hizo tatu zimenionyesha mengi ambayo usomaji wa kawaida ulikuwa ukiyapita.

Riwaya iliyojaza kurasa nyingi zaidi hadi sasa ni Second-Class Citizen ya Buchi Emecheta, iliyotoka mwaka 1974. Adah, mhusika mkuu, anaondoka Lagos akiwa na kazi nzuri ya maktaba katika ubalozi mdogo wa Marekani, na mshahara wake ndio uliowasaidia wakwe na kugharimia masomo ya mumewe, Francis, jijini London. Hakuwa maskini aliyekimbilia neema. Safari yenyewe ndiyo iliyomshusha daraja, hata akajikuta akipanga nyumba moja na watu ambao Lagos wangemwona bibi mkubwa. Katika daftari langu, safu ya kwanza ni ya Adah karibu kila mahali, ilhali ya tatu imetawaliwa na Francis, ambaye hachumi chochote na mitihani anaifeli.

Tukio lililonishika zaidi halina hata pauni moja ndani yake. Adah anataka kuzuia mimba, lakini kliniki inadai saini ya mume; anaighushi, na Francis anapogundua anampiga. Nimeliingiza katika hesabu kwa sababu kila mimba ilitishia mshahara ule ule ulioilisha nyumba nzima, na aliyedai kuwa na haki ya kuamua hakuwa mchumaji.

Neni wa Behold the Dreamers (2016), riwaya ya Imbolo Mbue, anaishi Harlem, mtaa wa New York, na anatamani kuwa mfamasia. Mumewe, Jende, ni dereva wa mkubwa mmoja wa Lehman Brothers, benki iliyofilisika mwaka 2008. Neni anatumia picha ya aibu kumlazimisha mke wa tajiri huyo ampe dola 10,000, ingawa mama huyo alikwisha kumsimulia kwamba naye alikulia katika ufukara. Sioni sababu ya kumhukumu Neni kuwa na tamaa tu: Jende alikwisha kumwachisha masomo, na ndiye baadaye anayeamua warudi Kamerun wakati Neni anataka kubaki.

Americanah (2013) ya Chimamanda Ngozi Adichie imenilazimu kuongeza safu ya nne, ya kinachowatenganisha wanawake wenyewe kwa wenyewe. Ifemelu, aliye na nafasi ya kitaaluma katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, anapanda treni kwenda kusukwa Trenton. Msusi wake, Aisha kutoka Senegali, anamwomba Ifemelu azungumze na wapenzi wake wawili ili mmoja wao amwoe. Wote ni wahamiaji, wote wameketi saluni moja, lakini mmoja ana hiari ya kurudi kwao na mwingine hakuweza kwenda kumzika baba yake.

Sasa nimefungua On Black Sisters Street ya Chika Unigwe, ambamo Sisi, mwenye shahada asiyepata kazi Lagos, anafanyishwa ukahaba Antwerp ili kulipa deni la Dele, aliyempeleka huko. Hapa mchumaji yuko Ubelgiji na mpokeaji yuko Nigeria, kwa hiyo deni hilo nitaliandikia ukurasa wake peke yake.